Maisha ya Bernard Lyot, aliyeziba jua ili tuone yaliyo kando yake



Likizo ya Krismasi iliyopita tulikuwa nyumbani, Mbamba Bay, na usiku mmoja tuliingia ziwani na mjomba wetu kuvua usipa. Ulikuwa wakati wa giza, siku ambazo mwezi hauonekani na wavuvi hutoka kwa wingi, maana usipa hufuata mwanga wa taa. Ukisimama ufukweni siku kama hizo unaziona taa zimetapakaa juu ya Ziwa Nyasa, utadhani kuna mji mwingine kule majini. Mvua ilikuwa imenyesha jioni, kisha mawingu yakatawanyika, na juu yetu nyota zilikuwa nyingi kiasi cha kumfanya mtu anyamaze.

Tukiwa tunasubiri samaki wakusanyike, mjomba alituuliza swali. Alitaka kujua kama nyota na sayari ziliumbwa zote mara moja, kazi ikaisha, au kama ziko nyingine ambazo bado zinaumbwa hadi leo. Alisema anatuuliza sisi kwa sababu frateri anayesoma falsafa hawezi kukosa jibu la swali kama hilo. Tulimjibu kwa maneno mengi yasiyo na kitu ndani. Yeye alituvumilia kwa heshima, akageukia nyavu zake. Tuliporudi seminarini tulijitetea moyoni kwamba swali lile halimo katika masomo yetu. Lakini aibu haikuondoka.

Makala haya ni deni la mjomba. Katika kulitafuta jibu tulikutana na maisha ya Mfaransa mmoja ambaye wataalamu wa nyota wanamtaja kila siku, ingawa huku kwetu jina lake halisikiki. Anaitwa Bernard Lyot. Alifariki mwaka 1952, akiwa njiani kutoka Sudan.

Fikra iliyotangulia macho

Sisi majandokasisi tunamfahamu Immanuel Kant kwa vitabu vyake vigumu kuhusu uwezo na mipaka ya akili. Wachache tunajua kwamba mwaka 1755, miaka mingi kabla ya vitabu hivyo, Kant alitoa kitabu kuhusu asili ya jua na sayari. Aliwaza kwamba hapo mwanzo palikuwa na chembechembe zilizotawanyika angani. Zikavutana, zikaanza kuzunguka, zikalala bapa mfano wa sahani. Katikati likawaka jua, na kwenye ile sahani mabonge yakakua hadi yakawa sayari. Mwaka 1796 Pierre-Simon Laplace, mwanahisabati wa Ufaransa, alitoa fikra inayofanana na hiyo.

Fikra ilikuwa nzuri, ila hapakuwa na mtu wa kuithibitisha kwa macho. Kama Kant alisema kweli, basi kando ya nyota changa lazima kuwe na sahani za vumbi, na ndani yake sayari zinazozaliwa. Tatizo ni kwamba nyota inang'aa mno na vumbi lile ni hafifu mno. Ukielekeza darubini kwake, mwanga wa nyota unafunika kila kitu kilicho jirani, kama taa inavyomzuia mvuvi kuuona mtumbwi ulio hatua chache tu mbele yake. Kuongeza ukubwa wa darubini peke yake hakusaidii, kwa sababu mwanga unaokusumbua nao unaongezeka. Ilihitajika njia ya kuuondoa mwanga wa nyota na kukiacha kilicho kando yake. Njia hiyo aliipata Lyot, tena akiwa anashughulikia jambo jingine kabisa.

Kijana wa Paris

Bernard Lyot alizaliwa Paris tarehe 27 Februari 1897. Alianza kuvutiwa na nyota mwaka 1914, akiwa na umri wa miaka 17. Huo ndio mwaka Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, vita ambayo hata ziwa letu liliionja mapema, maana mwezi Agosti mwaka huohuo meli ya Waingereza iliishambulia meli ya Wajerumani pale Liuli, jirani na Mbamba Bay. Kijana Lyot alijipatia darubini yenye lenzi ya upana wa sentimita 10, na baadaye nyingine ya sentimita 15.

Masomo yake yalikuwa ya uhandisi, fizikia na kemia. Alipohitimu mwaka 1918 alipata kazi ya kuwaongoza wanafunzi katika majaribio ya fizikia kwenye chuo cha École Polytechnique, kazi aliyoishika hadi mwaka 1929. Wakati huohuo, tangu mwaka 1920, alifanya kazi katika kituo cha unajimu cha Meudon, nje kidogo ya Paris. Tunaposema unajimu hapa tunamaanisha sayansi ya nyota, si kupiga ramli. Meudon ndiko alikodumu hadi kufa kwake.

Inafaa kukumbuka kwamba Lyot alikuwa fundi sawasawa na alivyokuwa msomi. Alipotaka kujua jambo la angani, kwanza alijiuliza ni chombo gani kinaweza kulipima, na kama chombo hicho hakipo, alikitengeneza.

Kazi yake ya kwanza kubwa ilihusu namna mwanga unavyobadilika unapogonga kitu na kurudi. Mwanga ni mawimbi yanayotikisika pande zote. Ukidunda juu ya maji, mwamba au vumbi, mtikisiko wa upande mmoja unazidi ule wa pande nyingine. Baadhi ya miwani ya jua hutumia kanuni hii kupunguza mng'ao wa ziwa machoni. Lyot alitengeneza kipimo chepesi kuhisi kiasi kwamba kiliweza kugundua tofauti ya sehemu moja katika elfu. Kwa kipimo hicho alipima mwanga wa mwezi na wa sayari, akaulinganisha na mwanga uliodunda kwenye mawe na udongo wa hapa duniani. Akahitimisha kwamba uso wa mwezi umefunikwa na vumbi linalofanana na majivu ya volkano. Alionyesha pia kwamba katika Mirihi, au Mars, kuna dhoruba za vumbi. Mwaka 1969, miaka 17 baada ya kifo chake, watu walikanyaga mwezi kwa mara ya kwanza, na nyayo zao zikaacha alama katika vumbi laini.

Taji lisiloonekana

Jua lina taji. Nje ya duara tunalolijua umetandaza moshi mwepesi wa mwanga mweupe unaofika mbali sana. Wataalamu wanaliita korona, neno la Kilatini lenye maana ya taji. Virusi vilivyotusumbua tangu mwaka 2020 navyo viliitwa hivyo kwa sababu ya vijiti vinavyovizunguka kama taji. Taji la jua haling'ai hata sehemu moja ya milioni ya uso wa jua, kwa hiyo siku zote limefunikwa na mwanga wa jua lenyewe. Linaonekana pale tu mwezi unapolifunika jua lote.

Wengi tunakumbuka tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa hapa nchini. Watu walikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, kulishuhudia jua likibaki kama pete. Sisi tulikuwa Mbamba Bay, ambako jua lilimegwa sehemu kubwa na mchana ukapoa, lakini hatukuona taji. Hata pale Rujewa taji halikuonekana, kwa sababu siku ile mwezi ulikuwa mbali kidogo na dunia na haukutosha kulifunika jua lote. Pete nyembamba iliyobaki ilitosha kulificha taji. Ukiacha upenyo mdogo tu wa mwanga mkali, umepoteza kila kitu.

Kabla ya Lyot, mtu aliyetaka kulichunguza taji au miali inayoruka pembeni mwa jua alilazimika kufunga safari hadi mahali kivuli cha mwezi kitakapopita. Padre Mjesuiti Angelo Secchi, mmoja wa waasisi wa sayansi ya jua, alisafiri kutoka Roma hadi Hispania mwaka 1860 kwa ajili hiyo, na picha zilizopigwa siku ile zilisaidia kuthibitisha kwamba miali ile ni ya jua na si ya mwezi. Lakini giza la namna hiyo hudumu dakika chache tu, na wingu moja linaweza kuharibu maandalizi ya mwaka mzima. Mtaalamu angeweza kuzunguka dunia maisha yake yote na asikusanye hata saa tatu za kulitazama taji.

Kosa lilikuwa ndani ya bomba

Wengi walijaribu kutengeneza kupatwa kwa jua kwa mkono, yaani kuweka kizuizi ndani ya darubini kinachofunika picha ya jua. George Ellery Hale, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa sayansi ya jua, alijaribu juu ya mlima Pikes Peak mwaka 1893, na mwaka uliofuata akajaribu tena kwenye mlima Etna, Italia. Hakufanikiwa. Ikazoeleka kusemwa kwamba jambo hilo haliwezekani, kwa kuwa hewa yenyewe hutawanya mwanga wa jua na kulizamisha taji.

Lyot hakupinga kwamba hewa ina vumbi, ndiyo maana naye alitaka kupanda mlimani. Lakini aliuliza swali ambalo waliomtangulia hawakulichimba vya kutosha: je, katika mwanga huu unaotusumbua, kiasi gani kinatoka angani na kiasi gani kinatengenezwa na darubini yetu wenyewe? Alipopima alikuta kwamba darubini ilikuwa na hatia kubwa. Kila chembe ya vumbi juu ya lenzi, kila mkwaruzo, kila kiputo kidogo ndani ya kioo kiligeuka taa ndogo iliyotawanya mwanga wa jua kote.

Akaanza kuondoa kosa moja baada ya jingine. Badala ya lenzi mbili au tatu zilizounganishwa, kama ilivyo kawaida, alitumia lenzi moja, ili nyuso za kutawanya mwanga ziwe chache. Kioo chake alikichagua kisiwe na viputo, akakisugua hadi kisibaki na mkwaruzo. Kuta za ndani za bomba la darubini alizipaka mafuta mazito ili vumbi linase huko lisirukeruke. Mahali picha ya jua inapoangukia aliweka kisahani kilichoizidi kidogo kwa upana, chenye kuutupa mwanga wa jua nje ya bomba.

Hata hivyo mwanga bado ulipenya. Mwanga unapopita ukingoni mwa lenzi hujipinda, kama mawimbi ya ziwa yanavyojipinda kwenye ncha ya gati na kuingia mpaka nyuma yake ambako ungetegemea maji yatulie. Mwanga huo uliojipinda ulikikwepa kile kisahani. Hapa ndipo Lyot alipofanya jambo lililomtofautisha na wote. Nyuma ya kisahani aliweka lenzi nyingine iliyotengeneza picha ya lenzi ya mbele, na katika picha hiyo ule mwanga uliopinda ulijikusanya ukingoni kama pete yenye kung'aa. Akaweka pale kizuizi cha pili, bamba lenye tundu dogo kidogo kuliko pete, na pete ikakatwa. Kilichobaki kupita katikati kilikuwa ni mwanga wa vitu vilivyo kando ya jua. Kizuizi hicho cha pili hadi leo kinaitwa kwa jina lake, na chombo kizima kinaitwa koronagrafu.

Mwaka 1930 alikipandisha chombo chake Pic du Midi, kilele cha milima ya Pyrenees kusini mwa Ufaransa, chenye kimo cha karibu mita 2,877. Huko hewa ni safi, na theluji hukaa sehemu kubwa ya mwaka. Akiwa kule juu, mchana, bila mwezi kulifunika jua, aliugundua mwanga wa taji. Mwaka uliofuata alilipiga picha. Jambo lililosemwa kuwa haliwezekani lilikuwa limefanyika, na anga lilikuwa lilelile. Kilichobadilika kilikuwa usafi wa chombo.

Miaka ya matunda

Tangu hapo taji la jua liliweza kutazamwa mchana wowote wenye hewa safi. Lyot alipiga picha mfululizo za miali inayoruka pembeni mwa jua na za taji lenyewe, akaziunganisha kuwa filamu, hivi kwamba mabadiliko ya saa nyingi yakaonekana katika dakika chache. Mwaka 1938 aliwaonyesha filamu hiyo wanasayansi wa nyota waliokutana Stockholm, Sweden. Watu waliozoea kuliona taji kama picha iliyotulia sasa walilitazama likitembea.

Alibuni pia kichujio cha rangi kilichotengenezwa kwa vipande vya fuwele vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kikiwa na unene mara mbili ya kilichotangulia, ili ipite rangi moja tu nyembamba. Wazo hilo alilitangaza mwaka 1933. Msweden Yngve Öhman alilifikia kwa njia yake mwenyewe, na akatengeneza chake mwaka 1938.

Kwa koronagrafu Lyot aligundua mistari mipya ya rangi katika mwanga wa taji na kuipima kwa usahihi usiokuwapo kabla. Watu walikuwa wamedhani kwamba mistari ya aina hiyo inatokana na elementi ngeni isiyopatikana duniani. Mnamo miaka ya mwanzo ya 1940, Bengt Edlén wa Sweden alionyesha kwamba ni chuma cha kawaida na metali nyingine, zilizopokonywa elektroni nyingi kwa sababu ya joto linalofika nyuzi milioni moja. Kwamba taji ni la moto kuliko uso wa jua wenyewe ni fumbo ambalo wataalamu bado wanalifanyia kazi.

Heshima zilimjia. Mwaka 1939 alichaguliwa kuingia katika Akademia ya Sayansi ya Ufaransa, na mwaka huohuo Waingereza walimpa Medali ya Dhahabu ya chama chao cha kifalme cha unajimu. Mwaka 1943, nchi yake ikiwa bado mikononi mwa Wajerumani, alifanywa mnajimu mkuu wa Meudon. Mwaka 1947 alipewa Medali ya Bruce kutoka Marekani.

Safari ya Khartoum

Tarehe 25 Februari 1952 jua lilipatwa lote barani Afrika, na kivuli cha mwezi kilipita Khartoum, Sudan. Wanasayansi wa mataifa mbalimbali walikusanyika huko. Lyot alikuwemo, siku mbili tu kabla ya kutimiza miaka 55.

Msomaji anaweza kujiuliza kwa nini mtu aliyevumbua njia ya kutosubiri kupatwa kwa jua alisafiri mpaka Sudan kusubiri kupatwa kwa jua. Jibu ni kwamba alikijua vizuri chombo chake, pamoja na upungufu wake. Koronagrafu iliyo ardhini huona sehemu ya taji iliyo karibu na jua. Sehemu za mbali ni hafifu zaidi, na hewa iliyo juu ya darubini bado inaangazwa na jua. Mwezi hulifunika jua kabla mwanga wake haujaigusa hewa yetu, jambo ambalo kisahani ndani ya bomba hakiwezi kulifanya. Kwa hiyo mvumbuzi alikubali kuwa mwanafunzi tena, akasimama chini ya kivuli kwa karibu dakika tatu kama walivyosimama waliomtangulia.

Hakufika nyumbani. Katika safari ya kurudi moyo wake ulisimama, akafariki tarehe 2 Aprili 1952, karibu na Cairo, Misri. Alizaliwa Ulaya, akafia katika bara letu, akiwa kazini.

Alichokiacha bila kukijua

Lyot alitengeneza koronagrafu kwa ajili ya jua. Lakini nyota ni majua ya mbali, na kinachoziba jua kinaweza kuziba nyota. Ilipita miaka zaidi ya thelathini kabla tunda hili halijaiva.

Mwaka 1983 setilaiti iliyochunguza mionzi ya joto iligundua kwamba baadhi ya nyota zinatoa joto kuliko inavyotarajiwa, kana kwamba zimezungukwa na vumbi. Mojawapo iliitwa Beta Pictoris, iliyo umbali wa miaka nuru 63 hivi. Mwaka 1984 Bradford Smith na Richard Terrile walielekeza darubini ya Las Campanas, nchini Chile, kwenye nyota hiyo, wakiwa wameweka koronagrafu nyuma yake. Nyota ilipozibwa, pande zake mbili ulionekana mstari wa mwanga: sahani ya vumbi ikitazamwa kwa ubavu. Fikra ya Kant ya mwaka 1755 ilikuwa imepata picha.

Sahani ni kitu kipana. Sayari ni nukta, na kuiona ni kazi ngumu zaidi. Ukilitazama jua letu kutoka mbali, linaishinda Mshtarii, sayari yetu kubwa kuliko zote, kwa mwangaza wa takriban mara bilioni moja. Sayari changa zina nafuu kidogo, maana bado zina joto la kuzaliwa kwao na zinang'aa kwa mionzi ya joto. Ndiyo maana mafundi wa darubini wanazitafuta kwa mionzi hiyo. Kisha kuna hewa ya dunia, inayofanya nyota zimetemete na picha itikisike. Wameitengenezea kioo laini kinachobadilisha umbo lake zaidi ya mara elfu moja kwa sekunde, ili kuunyoosha mwanga uliopindwa na hewa. Mwanga ukishanyooshwa, ndipo kizuizi kinapoiziba nyota.

Kwa njia ya namna hiyo, mwaka 2018 wataalamu wanaotumia darubini kubwa ya Paranal, Chile, walitangaza picha ya sayari ikiwa bado ndani ya sahani yake, kando ya nyota PDS 70, umbali wa miaka nuru karibu 370. Katika sahani ile kuna nafasi tupu, na ndani ya nafasi hiyo sayari kubwa kuliko Mshtarii inakusanya mada na kujisafishia njia. Mwaka uliofuata ilithibitishwa sayari ya pili. Nyota hiyo ina umri wa takriban miaka milioni 5. Dunia yetu ina miaka bilioni 4.5. Kama dunia ingekuwa mtu wa miaka 45, PDS 70 ingekuwa kichanga wa siku ishirini hivi, ambaye bado hajatimiza arobaini.

Darubini ya angani ya James Webb, iliyorushwa siku ya Krismasi mwaka 2021, nayo imebeba koronagrafu, na baadhi yake zinafuata mpango uleule wa vizuizi viwili. Mtu aliyefariki safarini mwaka 1952 bado anashiriki kazi.

Jibu kwa mjomba

Likizo iliyofuata tulilipa deni. Tulimwambia mjomba kwamba ndiyo, ziko nyota na sayari ambazo bado zinaumbwa, na picha zake zimepigwa. Tulimweleza pia kwamba hilo halipingani na imani aliyofundishwa na katekista wake. Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu, alifundisha zaidi ya miaka 1,600 iliyopita kwamba Mungu aliweka ndani ya viumbe kitu mfano wa mbegu, ambayo hukua na kujidhihirisha kwa wakati wake. Mkulima anayeona muhindi ukichipua leo hasemi kwamba Mungu amestaafu.

Kwa upande wetu, tulichojifunza kwa Lyot ni kidogo na kinauma. Waliomtangulia waliilaumu hewa, naye akaifuta lenzi yake. Sisi tuliposhindwa kumjibu mjomba tuliulaumu mtaala, kumbe hatukuwa tumefungua kitabu. Katika nyumba ya malezi ni rahisi sana kuona vumbi lililo kwa mwenzako, kwa mlezi, kwa zama hizi zenye kelele. Huenda vumbi hilo lipo kweli, kama lilivyokuwapo angani. Lakini lililo juu ya kioo chako ndilo unaloweza kulifuta leo.

Tulikuwa ziwani tena tulipozungumza hayo, ingawa ilikuwa mwezi wa saba na Beta Pictoris haikuwa mahali pake. Tulimwelekeza mjomba jinsi ya kuitafuta mwishoni mwa Desemba. Saa sita usiku atazame kusini, aitafute Suheli, nyota yenye kung'aa sana ambayo mabaharia wa pwani wanaijua tangu zamani. Anyooshe mkono, apime vidole vitatu upande wa kulia wa Suheli, juu kidogo. Hapo ataona nyota ya kawaida, isiyovutia macho. Ndiyo Beta Pictoris, na sahani yake ya vumbi iko pale, ingawa jicho haliwezi kuiona.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hilo la kuziba mwanga hakuna mvuvi asiyelijua. Akainua kiganja, akakiweka kati ya macho yake na taa, na akautazama mtumbwi wa jirani uliokuwa gizani ukitusogelea.